Mlinzi wa Sumbura Tatu

Jericho, Nairobi
14 Januari 2024

Kwa Mjomba Mativo,

Pokea salamu zetu sote. Za Susu zinatangulia kwa sababu amesema salamu za mama kwa mwanawe lazima zitangulie. Miguu inamsumbua asubuhi, lakini Jumapili alitembea mwenyewe hadi kanisani, na njiani akawasimamisha watu watatu kuwaambia kwamba mwanawe ni serahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitahani, kwenye meli inayobeba vichwa vya treni. Mama bado anashona sare za shule. Januari hii hata chakula anakula amesimama. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Nimechagua fizikia na historia, na mwalimu ameniuliza kama ninajua kwamba masomo hayo mawili hayasalimiani.

Ninaandika kwa karatasi kwa sababu simu yako haijapatikana tangu Oktoba. Mama alipigia ofisi ya Sumbura kule Mombasa mpaka akachoka, na sasa simu yao hata haiiti. Kisha wiki iliyopita ile barua yako ya mistari minne ikafika kwenye sanduku la posta la kanisa, ukisema meli imetia nanga nje ya bandari moja ya Bahari ya Shamu, umeme ni wa shida, na kwamba tunaweza kukuandikia kupitia kwa padri anayehudumia mabaharia. Susu analala nayo chini ya mto.

Sasa jambo lenyewe. Kaka yangu Bedan anataka kuja kufanya kazi Sumbura. Kuna mama anaitwa Bi. Wakiuru, ana ofisi juu ya duka la viatu mjini, na anaandikisha vijana kwa niaba ya kampuni. Amemwambia nafasi ipo. Bedan amekwisha kuanza kutembea kama baharia. Jana alimwambia Mama, "Mimi nakaa Kariokor kukata matairi nitengeneze ndara, na Mjomba alitoka hii nyumba akaenda kubebesha treni kwa maji. Mimi nina shida gani?"

Mama alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kampuni isiyoshika simu tangu Oktoba inapata wapi nafasi ya kuajiri?

Neno moja tu, Mjomba. Aende au asiende? Unajua mimi si hodari wa kusema mbele ya watu, lakini neno lako ninaweza kulibeba nikalifikisha.

Mpwa wako,
Wanza


Sumbura Tatu, nangani
11 Februari 2024

Mpwa wangu Wanza,

Barua yako imeletwa na padri katika mashua moja na maji na mchele. Nimefurahi sana. Mwambie Susu ninakula na ninalala vizuri. Mwambie Mama yako apumzike, watoto wa Nairobi hawatakwenda shule uchi. Na wewe, Mwalimu wetu mdogo, historia na fizikia zinasalimiana kila siku mahali ninapofanya kazi.

Umeuliza kuhusu kampuni. Wewe ukiwa darasa la pili, Sumbura ilikuwa na meli moja na ofisi yenye viti vitatu. Hakuna aliyetaka mizigo mizito, kwa hiyo tukaichukua sisi. Transfoma, maboila ya viwanda vya sukari, vichwa vya treni. Unapoinua kichwa cha treni kwa kreni ya meli, meli yote inainamia upande huo, na lazima maji yasukumwe kwa pampu kwenye matangi ya upande wa pili, kidogo kidogo, sawasawa na uzito unavyohama. Mtu wa pampu na mtu wa kreni hawaonani. Wanamtazama serahangi katikati, na serahangi anazungumza kwa mikono. Siku ya boila la kwanza watu walijaa gatini kututazama tuzame. Hatukuzama. Mwaka uliofuata tukapata meli ya pili, na mwenye kampuni akapigwa picha magazetini.

Desturi yetu ni hii. Meli haing'oi nanga kabla sijazunguka mzigo wote, nikagonga kila mnyororo kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, kisha nikatia sahihi kwenye karatasi anayoniletea nahodha. Nahodha ana digrii, lakini bila sahihi yangu hatuondoki. Miaka tisa nimetia sahihi, na hakuna mzigo hata mmoja uliosogea.

Kwa sasa kazi imepoa kidogo. Kuna ndege mweupe anakuja saa ya chakula, nimemwita Nahodha kwa sababu hafanyi kazi na anakula kwanza.

Kuhusu Bedan, yeye ni mtu mzima. Ataona mwenyewe.

Mjomba wako,
Mativo


Jericho, Nairobi
10 Machi 2024

Kwa Mjomba Mativo,

Tunakusalimu. Susu amenifanya nisome barua yako mara tano, na kila nikifika kwa yule ndege anacheka kama ni mara ya kwanza. Miguu imemvimba zaidi. Hospitalini wamesema ni moyo, wakampa dawa, na amekataza tusikuandikie hilo. Nimeliandika. Nisamehe, lakini katika familia hii kuna watu wengi mno wanaokataza mambo yasiandikwe.

Mjomba, sijapata neno nililoomba. Nilipata hadithi nzuri na neno "ataona mwenyewe". Bedan naye ameona. Ameacha kazi Kariokor. Amepimwa afya na ameshughulikia pasipoti. Jumamosi alirudi kwa Bi. Wakiuru nikamsindikiza, nikakaa kwenye kiti cha pembeni na kitabu changu. Alipotaja jina lako, Bi. Wakiuru aliweka kalamu chini.

"Wewe ni mtoto wa dadake Mativo? Mativo wa Sumbura Tatu?"

"Ndiyo, mimi mwenyewe," Bedan akasema.

"Basi wewe tutakupa kipaumbele," akasema, na akatabasamu kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tukiwa kwenye ngazi Bedan aliniambia, "Umeona? Jina linafanya kazi!" Nilimwambia sikupenda lile tabasamu. Akasema, "Wewe shida yako unasomanga sana. Sasa umeanza kusoma mpaka meno za watu."

Lakini ni kweli, ninasoma. Nimekaa Jumamosi mbili katika maktaba ya Kaloleni na magazeti ya mwaka jana. Sumbura Moja iliuzwa mwezi wa nane ikakatwe vyuma. Sumbura Mbili imezuiliwa na benki. Kuhusu Sumbura Tatu sikupata kitu. Nimesoma pia barua yako kama tunavyofundishwa kusoma fasihi. Katika sehemu ya zamani umeandika "tu" kila mahali: tukaichukua, hatukuzama, tukapata. Katika sehemu ya sasa hakuna "tu". Kuna wewe na ndege.

Mko watu wangapi kwenye hiyo meli?

Wanza


Sumbura Tatu, nangani
28 Aprili 2024

Wanza,

Salamu kwa wote. Barua yako nilikuwa nayo tangu tarehe mbili. Mashua imekuja mara mbili ikaondoka bila jibu langu.

Niko mmoja.

Mwenye kampuni alinunua Tatu akiamini mizigo itaendelea kukua. Ni meli kubwa kuliko mizigo iliyokuwepo pwani yote. Tulikuwa tunasafiri nusu tupu, na meli tupu inakula mafuta vilevile. Alipokosa kulipa huku, mahakama ikaizuia meli. Nahodha aliugua akarudishwa kwao. Wengine walisaidiwa na balozi zao, wawili wawili. Mwezi wa Desemba nikabaki na mpishi, kisha mpishi naye akaenda.

Mimi siwezi kwenda. Siku nahodha anaondoka alikuja karani wa mahakama na karatasi kwa lugha yao, akauliza kwa ishara nani mkubwa aliyebaki sitahani. Nikanyoosha mkono. Nilidhani ni karatasi kama zile zetu, ya kusema vifaa vyote vipo na minyororo imekaa sawa. Nilizunguka hata nikagonga na nyundo kwanza, karani akinitazama. Kisha nikatia sahihi. Padri alipokuja na kuisoma, ndipo akaniambia kwamba kwa sheria mimi sasa ni mlinzi wa meli. Pasipoti yangu iko mahakamani. Nitatoka siku meli itakapouzwa, au siku mtu mwingine atakapokubali kuandikwa mahali pangu, tukitia sahihi pamoja mbele ya karani.

Miaka tisa sijawahi kutia sahihi kitu nisichokikagua. Usimwambie mtu kwamba sikuielewa. Mama yako akiuliza, sema nililazimishwa. Watu wa nyumbani wakisikia serahangi wa Sumbura alitia sahihi kama kipofu, nitarudi na uso gani?

Lakini kuna habari njema. Kampuni imemwandikia padri kwamba wamepata mtu wa kunipokea, ataletwa kati ya mwezi wa sita na wa saba. Jina hawakulitaja. Ninamwonea huruma, ila sikatai. Mwambie Susu avumilie.

Mativo


Jericho, Nairobi
19 Mei 2024

Mjomba,

Susu anakusalimu. Anasema anavumilia.

Nitaandika upesi kabla ujasiri haujaniishia. Barua yako ilifika Jumanne. Jumatano Bedan alileta mkataba wake nyumbani, Mama akauombea. Baadaye niliuchukua nikausoma. Haukuandikwa baharia. Umeandikwa mlinzi wa meli, Sumbura Tatu, kuanzia mwezi wa saba. Ndege ni tarehe 30 Juni. Bi. Wakiuru alimwambia Bedan kwamba mlinzi ni cheo cha kuanzia, kama askari wa getini, halafu anapanda.

Mtu wa kukupokea ni Bedan.

Leo ni siku ya tano na sijasema. Nikila nao najaza mdomo ili nisiulizwe. Nikisema, Bedan hatakwenda, na wewe utabaki, na Susu anauliza kila asubuhi ni mwezi gani. Nikinyamaza, utarudi. Nimehesabu na kuhesabu tena na jibu ni lilelile, kwamba nikinyamaza tu bila kufanya kitu chochote nitakurudisha wewe nyumbani na kumpoteza yeye. Jana usoni kwa Susu niliona furaha nikatamani kunyamaza. Sijawahi kujichukia namna ile.

Ninakuandikia wewe kwanza kwa sababu kwenye karatasi ninaweza. Tafadhali sema unachotaka. Safari hii usiniambie ataona mwenyewe.

Wanza


Sumbura Tatu, nangani
9 Juni 2024

Wanza,

Asitie mguu kwenye ndege.

Nimemwambia padri aandike mahakamani na kwa kampuni: mtu huyo akiletwa, sitatia sahihi. Bila sahihi yangu hakuna kupokezana. Wakimfikisha hadi ngazi ya meli nitaivuta ngazi juu.

Uliniomba neno mwezi wa kwanza, na nilikuwa nalo. Sikulisema kwa sababu lingefuatwa na maswali. Hilo ni kosa langu, si lako. Wewe una miaka kumi na sita, na niliacha uubebe mzigo ambao mimi mwenyewe sikutaka kuugonga nisikie mlio wake.

Waambie. Usingoje nafasi nzuri.

Mativo


Jericho, Nairobi
7 Julai 2024

Kwa Mjomba Mativo,

Salamu. Bedan yuko hapa. Naanza na hilo ili usisome mengine ukiwa na wasiwasi.

Barua yako ya tarehe tisa ilifika tarehe 27. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema. Jumapili ya tarehe 16 tulikuwa tumeketi kula nyama ambayo Bedan alitoka nayo soko la Burma, ya kutuaga, na shemasi wetu alikuwa anaomba baraka za safari. Aliposema "amina" nikasema, "Bedan anakwenda kufungwa." Sauti yangu ilitoka ya ajabu, nusu ya juu nusu ya chini. Shemasi akafungua macho akanitazama mimi, kisha nyama.

Nikasoma barua yako ya Aprili yote. Ulinikataza, na nikaisoma hata pale ulipokataza.

Mama alilia. Bedan naye akafanya jambo ambalo sikulitegemea katika hesabu zangu zote. Akasema, "Sawa. Nitaenda."

"Hujasikia?" nikamwuliza.

"Nimeskia. Yeye amekaa huko peke yake, na Susu ni mgonjwa. Mimi sina mtoto, sina bibi, sina hata kazi saa hii. Nitakaa kwa hiyo meli nilale, nicheze na huyo ndege. Yeye arudi."

"Na wewe utatoka lini?"

"Si utakuwa umekuwa wakili? Utanitoa."

Alisema kama mzaha. Lakini kwa siku kumi na moja alibaki na msimamo huo. Mama alimsihi, shemasi akamsihi, akawaambia wamwache. Ni barua yako ya tarehe tisa iliyomzuia. Alipofika pale pa kuivuta ngazi aliitupa mezani akatoka nje, na hakuongea na mimi mpaka Alhamisi iliyofuata. Alipoongea alisema, "Wewe ndiye umemfungia huko." Nadhani ni kweli kidogo.

Susu alituuliza jambo moja tu. "Yuko peke yake?" Nikasema ndiyo. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Desemba. Akageukia ukutani, na tangu siku hiyo hawaambii watu habari za vichwa vya treni. Anataka kujua kama mchele unatosha.

Jumatatu Mama na Bedan walikwenda Mombasa na barua zako kwenye ofisi ya chama cha mabaharia. Afisa pale, mzee mmoja mkali, alizisoma zote. Alisema wana wakili huko uliko, na mahakama inaweza kuombwa iliondoe jina lako kwa sababu ulitia sahihi kitu usichokielewa. Amesema imewahi kufanyika, lakini hakutoa ahadi. Lakini barua kwa mpwa si ushahidi. Anataka taarifa yako mwenyewe, kwa mkono wako, padri akiwa shahidi. Mama akasema, ili kukulindia uso kama ulivyotaka, kwamba ulilazimishwa. Afisa akauliza, "Nani alimshika mkono?" Akasema ukiandika kwamba ulilazimishwa, karani atakana, na kesi itakufa siku hiyo hiyo. Lazima uandike kilichotokea. Bila hiyo hawezi hata kufungua faili.

Najua ninachokuomba. Mimi ni mtu ambaye darasani huwa sinyooshi mkono hata nikiwa na jibu, kwa hiyo siwezi kukwambia ni rahisi. Daktari amesema Susu ana miezi, hakusema mingapi. Kama una hasira na mimi kwa kusoma barua mbele ya watu, niandikie hasira yako, nitaisoma. Usininyamazie tu.

Wanza


Sumbura Tatu, nangani
25 Agosti 2024

Mpwa wangu Wanza,

Salamu kwa Susu, kwa Mama yako na kwa Bedan. Mwambie Bedan nimesoma aliyoyasema mezani, na kwamba angekuwa baharia mzuri na mlinzi mbaya, kwa sababu mlinzi hatakiwi kuwa na haraka ya kujitolea. Mchele unatosha.

Hasira nilikuwa nayo, ikakaa muda wa mashua mbili. Uliisoma mbele ya shemasi! Baadaye nikafikiri, watu wote wa nyumbani wamekwisha kujua, na bado mmoja alitaka kuja kukaa mahali pangu. Kumbe uso wa kurudi nao ninao.

Taarifa anayotaka afisa nimeiandika mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa ndefu, zimejaa miaka tisa na maboila, na padri akanirudishia. Ya nne ndiyo hii. Nakala yenye muhuri wa padri imekwenda Mombasa kwa mashua hiihii. Hii ni yenu. Msomee Susu polepole, na usiruke kitu.

"Mimi, Mativo, serahangi wa meli Sumbura Tatu, tarehe 6 Novemba 2023 nilitia sahihi karatasi ya mahakama. Hakuna aliyenilazimisha. Ilikuwa kwa lugha nisiyoijua. Sikuuliza inasema nini, kwa sababu niliona aibu kuuliza mbele ya mabaharia wangu. Sikuielewa. Ninaomba kwenda nyumbani."